Mjadala: Je, filamu ya safari ya pikipiki ya kijana Guevara imetuficha Guevara wa baadaye?

Hoja iliyo mezani inahusu filamu ya Diarios de motocicleta, iliyoongozwa na Mbrazili Walter Salles na kuanza kuonyeshwa mwaka 2004. Filamu hiyo inamfuata Ernesto Guevara, Muargentina ambaye baadaye dunia ilimjua kama Che, mwanamapinduzi wa Cuba, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mwenye umri wa miaka 23 na ugonjwa wa pumu, akizunguka Amerika Kusini mwaka 1952 pamoja na rafiki yake Alberto Granado, kisha inakomea Caracas kabla hajashika bunduki. Ndugu waliotangulia kuchangia wanasema kwamba kukomea hapo ni kuwadanganya watazamaji, kwa kuwa kijana huyo huyo ndiye aliyeongoza ngome ya La Cabaña mjini Havana mwaka 1959, ambako watu waliohukumiwa na mahakama za mapinduzi walipigwa risasi chini ya usimamizi wake. Mimi naitetea filamu dhidi ya shtaka hilo, ila nina shtaka langu ambalo sijaona likitajwa.

Waliouawa La Cabaña wana haki ya kukumbukwa, na sitaki mtu yeyote asome utetezi wangu kama dharau kwao. Lakini filamu hii haikuahidi kusimulia maisha yote ya mtu. Imejiwekea swali moja, nalo ni jinsi kijana wa familia yenye uwezo, anayesafiri kwa kujifurahisha tu, anavyoanza kuwaona watu ambao hadi jana walikuwa kwake sehemu ya mandhari.

Jibu lake bora liko katika jangwa la Atacama nchini Chile. Pikipiki yao, Norton ya mwaka 1939 waliyoipa jina la kishujaa, imekwisha kuwafia, na sasa wanatembea kwa miguu. Usiku wanakutana na mume na mke waliolazimika kuondoka nyumbani kwao, wanaoandamwa kwa sababu ya imani yao ya kikomunisti, wanaokwenda kutafuta kibarua katika mgodi wa shaba wa Chuquicamata. Wanne hao wameuzunguka moto mdogo, na nyuso za wale wawili zinaonekana nusu tu kwa mwanga wa miali. Mama yule anawauliza kama nao wanatafuta kazi. Wanapojibu kwamba wanasafiri ili wasafiri tu, anawatazama kidogo kwa mshangao, kisha anawaombea baraka safarini. Hakuna anayehutubia. Asubuhi msimamizi wa mgodi anachagua vibarua kwa kuwanyooshea kidole, anawapakia kwenye lori, na Guevara anabaki kulirushia lori hilo jiwe. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara kinachonichoma ni lile swali la mama kuliko jiwe lenyewe.

Kule San Pablo, katika makazi ya wagonjwa wa ukoma kando ya mto Amazon nchini Peru, filamu inaanza kupandisha sauti. Vijana wanakataa kuvaa glovu wanaposalimiana na wagonjwa kwa mkono, jambo lililokuwa sahihi kitabibu na kubwa kiutu. Kisha, katika usiku wa kutimiza miaka 24, Guevara anajitosa mtoni na kuogelea kutoka ng'ambo ya madaktari na watawa hadi ng'ambo ya wagonjwa, huku pumu ikimkaba na wagonjwa wakimwita kwa kelele kutoka ufukweni. Ni picha nzuri sana, na ndiyo inayonipa wasiwasi.

Shtaka langu ni kwamba filamu inamfanya mtazamaji aamini kuwa huruma peke yake ilitosha kumzaa mwanamapinduzi, kana kwamba mtu akishauvuka ule mto amekwisha kufika Sierra Maestra, milima ya Cuba alikopigana vita vya msituni. Historia haikwenda hivyo. Guevara alirudi Argentina, akamaliza masomo yake mwaka 1953, akaondoka tena. Alikuwa Guatemala mwezi Juni 1954, wakati serikali ya Jacobo Árbenz, iliyochaguliwa kwa kura na kuthubutu kuwagawia wakulima ardhi isiyolimwa ya kampuni ya Kimarekani ya United Fruit, ilipoangushwa kwa mkono wa Marekani. Hapo ndipo alipokata shauri kwamba mageuzi yasiyolindwa kwa silaha hayadumu. Huruma ya San Pablo ingeweza kumfanya daktari wa wakoma hadi uzeeni. Guatemala ndiyo iliyomwelekeza kwenye bunduki. Sidai kwamba Salles angepaswa kuigiza mapinduzi yale, lakini mto ule haukupaswa kupewa uzito wa kubeba yaliyotokea miaka miwili baadaye.

Jambo hili linatuhusu sisi hasa, wasomaji wa Kiswahili. Kutoka Kigoma, anga likiwa safi, milima ya Kongo huonekana ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Guevara alilivuka ziwa hilo mwezi Aprili 1965 kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, akijiita Tatu, baada ya wenzake wawili walioitwa Moja na Mbili. Alikuwa na moyo ule ule wa San Pablo, lakini alihitaji kijana wa Kikongo amfundishe Kiswahili ili aweze kusema na wapiganaji aliokuja kuwasaidia, na hakuwa amewajua vya kutosha wala wao wala viongozi wao. Mwezi Novemba alivuka kurudi. Akiwa amejificha katika ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam aliandika habari za miezi ile, na akakiri tangu mstari wa kwanza kwamba anasimulia historia ya kushindwa. Kwa maoni yangu, ukurasa ule una ujasiri kuliko kuogelea usiku.

Kwa hiyo nawauliza ndugu mnaoilaumu filamu kwa kuificha La Cabaña, na ninyi mnaoisifu bila kusita: mto alioogelea na ziwa alilovuka kwa mashua, ni upi unaotuonyesha vizuri zaidi kile ambacho safari ya mwaka 1952 ilimfundisha, na kile ambacho haikumfundisha?