Vighuba vya Marseille (calanques): naenda na mama Septemba, tuanzie wapi?

BintiChwaka
Habari zenu wakuu. Dada yangu anaishi Marseille huu mwaka wa nne na mwezi wa 9 mimi na mama tunaenda kumwona, wiki mbili hivi. Sasa dada kanitumia picha za vile vighuba vyao wanaita calanques, maji ya kijani mpaka unaona chini, majabali meupe huku na huku, mchanga kidogo tu katikati, hakuna hoteli, hakuna kibanda, hakuna mtu anauza kitu. Nimetamani sana ila dada mwenyewe hajawahi kufika, kazi zimembana. Maswali yangu: kunafikika bila gari? Mama ana miaka 63, magoti yanamsumbua lakini ni mtu wa kutembea, kalima mwani kwetu Chwaka, Unguja, miaka mingi na pwani kwake ni kama nyumbani. Na jingine, maji yanakupwa saa ngapi huko, maana sitaki tufike tukute matope.

juma_wa_lyon
Mimi nimeenda mara 3, ile nzuri kuliko zote kwa macho yangu ni En-Vau. Usianzie Marseille, panda treni pale Saint-Charles ushuke Cassis, ni kama nusu saa, ila stesheni ya Cassis iko mbali na mji kama kilomita 3 kwa hiyo chukua basi. Kutoka bandarini Cassis unatembea, kwanza unapita Port-Miou ambayo ni hori refu limejaa mashua, halafu Port-Pin, halafu En-Vau, jumla saa moja na nusu kwa mtu mzima wa afya. Sasa kwa mama, nakwambia ukweli, kuteremka En-Vau ni kazi. Ni mwinuko mkali na yale mawe ya chokaa yamekanyagwa na watu miaka na miaka mpaka yamekuwa laini yanateleza hata yakiwa makavu, mimi nilishuka sehemu nyingine kwa makalio, na kurudi ni hivyo hivyo kupanda. Ndala sahau kabisa, vaa raba. Maji ya kunywa beba lita 2 kila mtu, huko ndani hakuna bomba wala kisima.

MamaNassor_Marseille
Karibuni sana shoga yangu, mimi ni wa Mombasa nimeolewa na Mngazija, niko hapa mwaka wa 11, na mama atajihisi nyumbani maana Wangazija mji huu ni wengi mno, sokoni utasikia salamu unazozielewa.

Nataka niongezee alichosema Juma. Hili eneo lote ni hifadhi ya taifa tangu 2012 na kuna vitu lazima mjue. Kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 30 Septemba njia zinaweza kufungwa kwa sababu ya hatari ya moto, misonobari na vichaka vinakauka na upepo ukija cheche moja tu mlima wote unaondoka. Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari angalieni ramani ya siku inayofuata, ikiwa nyekundu basi mlale, hakuna ubishi. Kuvuta sigara na kuwasha moto wa kupikia marufuku, kulala huko marufuku.

Halafu kuna Sugiton, hiyo ndiyo ya karibu kwa basi, unapanda B1 kutoka Castellane mpaka Luminy unatembea kama dakika 45 au saa. Ila Julai na Agosti huendi bila kibali, unaomba kwenye mtandao, bure kabisa, na kwa siku wanaruhusu watu 400 tu. Hii ilianza 2022. Kabla ya hapo siku za joto walikuwa wanafika mpaka 2,500 kwa siku, kwenye kipande cha ufukwe ambacho mkitandika mikeka 50 kimejaa! Mimi nilikuwa naenda miaka ile, na nilikiona kinachotokea kwa macho yangu. Udongo wa pale ni tabaka jembamba juu ya jiwe, watu wakitafuta kivuli wanakaa chini ya misonobari, wanakanyaga, udongo unamomonyoka unateremka baharini, mizizi inabaki nje imening'inia kama vidole, na mti ukishakuwa hivyo hakuna mche mpya unaoota chini yake. Mwaka ule walipoweka kibali wengi walilalamika, hata mume wangu alikasirika, mimi nilifurahi. Hata 2021 hifadhi yenyewe ilikuwa inawaambia watu wazi kwenye tovuti kwamba njia ni ngumu, maji ni baridi, pamejaa, ili wapunguze kuja.

Nyinyi mnakuja Septemba kwa hiyo kibali huenda msikihitaji lakini angalieni kabla. Na kwa ajili ya mama nakwambia kwa heshima, Sugiton kuna pembe ambazo watu wana desturi ya kuoga bila nguo, asije akashtuka. Kwa magoti yake nendeni Port-Pin, msiendelee mbele. Kuna mchanga na kokoto, misonobari inafika karibu na maji, njia si ya kupanda sana. Jumanne au Jumatano, mfike kabla ya saa 3 asubuhi. Na tafadhali mkipiga picha msiweke alama ya mahali. Naomba sana hilo.

Kaskazi77
Mimi nauliza tu, mtu wa Chwaka anatoka na bahari yake nzuri ile anaenda kutafuta kipande cha mchanga Ufaransa?

BintiChwaka
@Kaskazi77 Chwaka tunakwenda kila siku ndugu yangu, nataka mama aone bahari isiyo ya kazi. Yeye maisha yake yote bahari ni kamba, vigingi na gunia.

baharia_wa_wete
Nimefanya kazi melini miaka 9, Marseille tumetia nanga mara nyingi. Dada suala la maji kupwa ondoa wasiwasi. Mediterania haina bamvua kama letu, sisi kwetu maji yanaweza kutofautiana karibu mita 4, kule haifiki hata nusu mita, ufukwe unaouona asubuhi ndio huo huo jioni. Cha kuogopa kule ni upepo. Wanauita mistral, unatoka kaskazini magharibi, mkavu, unaweza kupiga siku kadhaa, na ukipiga unasukuma yale maji ya juu yenye joto kwenda mbali, halafu maji ya chini ya baridi yanapanda kuchukua nafasi. Leo unaoga maji nyuzi 23, baada ya upepo unakuta 16 na jua linawaka vilevile! Mtu anajitosa ghafla moyo unamruka. Mama aingie taratibu, miguu kwanza, ajimwagie kifuani.

Na ukifika ukiangalia upande wa rasi ya Morgiou, chini ya lile jabali kuna pango mlango wake uko mita 37 ndani ya maji. Mpiga mbizi mmoja anaitwa Henri Cosquer aliligundua 1985, akalitangaza 1991, ndani kuna michoro ya farasi na sili na alama za mikono, mingine ina miaka 27,000. Watu waliingia kwa miguu maana zama zile bahari ilikuwa chini zaidi ya mita 100. Huwezi kuingia lakini mjini wamejenga mfano wake tangu 2022, mpeleke mama siku ya upepo.

BintiChwaka
Wakuu nimerudi, naleta mrejesho kama nilivyoahidi dada Mama Nassor.

Siku ya kwanza tuliyopanga ramani ilikuwa nyekundu, tukaenda kuona lile pango la mfano, mama alisimama mbele ya zile alama za mikono muda mrefu sana, akaweka mkono wake hewani akilinganisha vidole. Siku ya pili yake ikafunguka, tukatoka na treni ya alfajiri. Kutoka Cassis mpaka Port-Pin tulitumia saa moja na robo kwa mwendo wa mama, tulipumzika mara mbili, fimbo ya kutembelea ilisaidia mno. Saa 2 na nusu tulikuwa chini. Palikuwa na watu 6 tu, mzee mmoja anasoma kitabu, na zile nyenje juu ya misonobari zinalia mpaka masikio yanavuma.

Sasa pembeni ya ufukwe kulikuwa na lundo la majani makavu ya kahawia, marefu kama utepe, dada akasema uchafu huu wangeuondoa. Mama akainama akachukua moja, akalivuta, akalinusa, akasema hili si mwani, lina mzizi hili, ni nyasi. Nikatafuta kwenye simu nikakuta kweli, ni posidonia, mmea wa majani wa baharini, aina hii inaota Mediterania tu, na wanauacha makusudi maana lile lundo linazuia mawimbi yasichukue mchanga wakati wa baridi. Mama hajasoma popote, kajua kwa vidole.

Maji yalikuwa baridi kweli baharia, asante kwa onyo. Mama aliingia na dera lake mpaka kiunoni, akajimwagia, akabaki kimya, halafu akalala chali akaelea. Sijawahi kumwona mama anaelea. Kule kwetu anaingia majini kuanzia maji yanapokupwa mpaka yanapojaa na mgongo umeinama muda wote, siku ile aliangalia juu tu.

Saa 5 wakaanza kufika watu wengi, vikundi vikundi, wengine na spika za muziki, tukakusanya vitu vyetu. Picha ninazo, dada Mama Nassor, nimeziweka kwa familia peke yake. Ila nikuulize, Aprili pakoje? Mama anasema magoti yake yanaweza tena, na safari hii anaitaka hiyo En-Vau.

MamaNassor_Marseille
Aprili pazuri, hamna joto wala kufungwa kwa moto, maua ya vichakani yanatoka. Maji bado ni ya barafu lakini. En-Vau mtaiona kutoka juu ya genge bila kuteremka, nitawapeleka mwenyewe, niambie tu tarehe.