Tupeane uzoefu: Nyota wa kikapu waliobeba timu mgongoni hadi ubingwa

Kona ya Kushoto

Habari zenu wakuu. Kila fainali ikiisha, maneno ni yale yale: "jamaa kabeba timu peke yake." Lakini uwanjani wanaingia watano, na huyo mbebaji naye mpira anapewa na mtu. Kwa hiyo hapa tuwekeane utaratibu. Ukimtaja nyota wako, eleza alibebaje: mpira aliupokelea wapi, wapinzani walimbana vipi, akibanwa aliutoa kwa nani, na ni wapi mambo yangeharibika. Takwimu tupu kila mtu anazo.

Naanza na Hakeem Olajuwon, Houston Rockets ya NBA (ligi kuu ya kikapu Marekani), msimu wa 1993-94. Ndiye mchezaji pekee aliyewahi kutwaa MVP (mchezaji bora) wa ligi, mlinzi bora wa ligi na MVP wa fainali ndani ya msimu mmoja. Alikuwa na wastani wa pointi 27.3 na ribaundi 11.9 (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa), na msimu ule hakuna mwenzake hata mmoja wa Houston aliyeitwa kwenye mechi ya nyota.

Mfumo wa kocha Rudy Tomjanovich ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuuzuia. Olajuwon anasimama kushoto chini ya ringi, mgongo kwa ringi. Kenny Smith, Vernon Maxwell, Mario Elie na Robert Horry wanatawanyika nje ya mstari wa pointi tatu. Enzi hizo NBA ilikataza ulinzi wa zoni, yaani kulinda eneo badala ya mtu, kwa hiyo mlinzi hakuruhusiwa kujibanza katikati akingojea. Ukitaka kumsaidia anayemkaba Olajuwon, lazima umwache mtu wako waziwazi na ukimbilie mpira. Olajuwon akikuona unakuja, pasi imeshatoka. Usipokuja, amebaki na mtu mmoja, na huyo mmoja kazi anayo.

Miguu yake aliitengenezea Lagos kwenye mpira wa mikono na golini kwenye soka, kabla hajakijua kikapu. Ile mbinu yake maarufu inaanzia begani. Anapokea mpira, anamgusa mlinzi kwa mgongo ili ajue kaegemea upande gani. Anatikisa bega kuelekea mstari wa mwisho. Mlinzi akifuata, anageukia katikati na kutupa kwa mkono mmoja. Mlinzi akibaki, anageukia huko huko mstari wa mwisho na kutupa huku anarudi nyuma. Na kama mlinzi amesoma yote mawili, anainua mpira kana kwamba anatupa, mlinzi anaruka, yeye anapitisha mguu chini ya mikono yake na kuweka. Wanaoiiga hukosea mahali pamoja: wanatikisa bega kabla ya kujua mlinzi kaegemea wapi, basi inabaki kuwa ngoma tu.

Fainali dhidi ya New York Knicks (bingwa ni anayetangulia kushinda mechi 4) ilikwenda mechi 7 na hakuna timu iliyofikisha pointi 100 hata mara moja. Mechi ya 6, sekunde za mwisho, Houston wako mbele 86-84. John Starks wa Knicks, mwenye pointi 27 usiku ule, anapata skrini ya mwenzake Patrick Ewing (anamzibia mlinzi njia kwa mwili) na kuinuka kutupa ya pointi tatu ambayo ingemaliza kila kitu. Olajuwon, aliyekuwa akimkaba Ewing, anatoka nje mbio na kuugusa mpira kwa ncha za vidole. Senta huyo, na kafika mbali vile. Mechi ya 7 wakashinda 90-84, Starks akiwa amefunga mitupo 2 kati ya 18.

Mama Ribaundi

Mkuu Kona umeanza vizuri, ila ongeza 1995, maana ndipo watu wanapochanganya. Mwaka ule Houston walimaliza nafasi ya 6 Magharibi, ushindi 47, wakazitoa Utah, Phoenix, San Antonio, kisha wakaifagia Orlando 4-0. Zote nne zilikuwa na ushindi 57 au zaidi. Ila hapo hakuwa peke yake: Februari walimpata Clyde Drexler kwa kumtoa Otis Thorpe. Na NBA msimu huo ilisogeza mstari wa pointi tatu karibu na ringi, jambo lililowafaa mno wale watupaji wa nje. Kwa hiyo ukisema "peke yake", sema 1994. Ile ya 1995 ni ya wawili na mstari mfupi.

Zoni 2-3

Dirk Nowitzki, Dallas, 2011.

Mtupo wake wa mguu mmoja kila kijana anauiga, na wengi wanaruka nyuma kwa nguvu wakidhani siri ni kurudi nyuma. Siri ni goti. Anakanyaga mguu wa kushoto, goti la kulia linapanda kati yake na mlinzi, na lile goti ndilo linalopima nafasi. Mlinzi akisogea anakutana na goti. Mwili unaegemea nyuma kidogo tu, mpira unatoka juu ya kichwa cha mtu wa sentimita 213. Usipokuwa na tumbo na mgongo imara, mabega yanapinda na mpira unakwenda pembeni.

Na mahali alipopokea ni nusu ya ushindi: karibu na mstari wa mitupo huru, katikati. Ukiwa pembeni, mstari wa mwisho unamsaidia mlinzi kukuziba. Ukiwa katikati, anayekuja kukubana wa pili unamwona atokako, na pasi zinafunguka kushoto na kulia. Jason Kidd, Jason Terry na Peja Stojakovic walikuwa wanangoja hizo pasi.

Mechi ya kwanza dhidi ya Oklahoma City alifunga 48: mitupo 12 kati ya 15, na mitupo huru 24 kati ya 24. Fainali nzima dhidi ya Miami alikosa mtupo huru mmoja tu kati ya 46. Mechi ya 2 Dallas walikuwa nyuma kwa 15 robo ya nne, wakashinda 95-93, na pointi 9 za mwisho za Dallas zote ni za Dirk, pamoja na leyapu ya ushindi kwa mkono wa kushoto, mkono ambao kano ya kidole cha kati ilikuwa imekatika mechi iliyotangulia.

Lakini niwe mkweli. Mechi ya 6, ya ubingwa, kipindi cha kwanza alipata 1 kati ya 12. Waliomshikia timu ni wenzake, Terry akamaliza na 27. Na zoni ya kocha Rick Carlisle, nyuma yake akiwa Tyson Chandler, ndiyo iliyomfanya LeBron James wa Miami abaki pembeni akitoa pasi.

Kitasa

Naomba tuweke na walioshindwa, maana ndipo unapoona nini kilikosekana.

LeBron James 2007. Mechi ya 5 ugenini Detroit alifunga 29 kati ya pointi 30 za mwisho za Cleveland, 25 za mwisho mfululizo, jumla 48, wakashinda 109-107 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Huo ndio ubebaji mtupu kuliko wote ninaoujua. Kisha wakaingia fainali na San Antonio wakawafagia 4-0. Sababu haina fumbo. Bruce Bowen alisimama mbele yake akimwachia nafasi ya kutupa kutoka mbali, kitu ambacho LeBron wa wakati ule hakukiweza vizuri. Akimpita Bowen, Tim Duncan anamngoja chini ya ringi. Na nje hapakuwa na watupaji wa kutosha kumtoa Duncan pale. LeBron alimaliza na wastani wa 22, chini ya asilimia 36.

Allen Iverson 2001 ni tofauti kidogo. Alifunga 48 Los Angeles mechi ya kwanza ya fainali, Philadelphia wakashinda 107-101 kwa nyongeza, na hiyo ndiyo mechi pekee Lakers waliyopoteza mtoano mzima. Watu wanasema alikuwa na timu mbovu. Si kweli. Larry Brown alikuwa kocha bora wa mwaka, Aaron McKie mchezaji bora wa akiba, na Dikembe Mutombo, Mkongo wetu wa Kinshasa, mlinzi bora wa ligi. Ilikuwa timu ya ulinzi iliyojengwa ili mtu mmoja atupe mara nyingi. Shida ni kwamba upande wa pili alikuwepo Shaquille O'Neal, wastani 33, na hata Mutombo hakuweza kumsogeza.

Mama Ribaundi

Kitasa umegusa penyewe. Na kuna kitu kingine: mitupo huru. Ukiwa nyota mmoja, njia rahisi ya kukuzuia ni kukufanyia faulo. Giannis Antetokounmpo mtoano wa 2021 alikuwa chini ya asilimia 60, mashabiki wa ugenini wakimhesabia sekunde kwa sauti kwa sababu alikuwa anakaribia kuzidisha zile 10 anazoruhusiwa mtupaji. Mechi ya 6 ya fainali akapata 17 kati ya 19, jumla pointi 50, na Milwaukee wakapata ubingwa wa kwanza tangu 1971. Bila ile 17, wapinzani wao Phoenix wangeendelea kumkata miguu hadi mwisho. (Na tusisahau: alipoumia goti dhidi ya Atlanta, timu ilishinda mechi mbili za kumalizia bila yeye.)

Rick Barry aliyeipa Golden State ubingwa wa 1975 kwa kuwafagia Washington alitupa mitupo huru kutoka chini: miguu imetanuliwa, mpira mikono miwili kati ya magoti, mikono inapanda pamoja, mpira unazunguka polepole kurudi nyuma na kutua laini kwenye ringi. Zaidi ya asilimia 90 msimu ule. Mikono miwili inafuta kosa la kiwiko kwenda pembeni, ambalo ndilo linaloharibu mitupo ya watu wengi. Wanaokosa kila siku wanakataa kuijaribu kwa aibu, na inasikitisha kweli.

Pivoti

Vyuo vya Marekani mbona mmevisahau? Kemba Walker, Connecticut 2011: mechi 5 ndani ya siku 5 kwenye mashindano ya ukanda wao, zote wakashinda, kisha 6 za taifa. Kumi na moja mfululizo, na timu hiyo kwenye ligi ya ukanda ilikuwa na ushindi 9 na vipigo 9. Fainali yenyewe alipata 5 kati ya 19 tu, lakini Butler nao walikuwa hoi, 53-41.

Kwangu mimi wa kwanza ni Danny Manning, Kansas 1988, kocha huyo huyo Larry Brown. Waliingia na vipigo 11. Fainali dhidi ya Oklahoma waliokuwa wakikimbia kama wamewashwa moto, mapumziko ilikuwa 50-50. Kipindi cha pili Brown akapunguza mwendo: vuta muda, mpira upite kwa Manning kabla mtu mwingine hajatupa, na yeye akiwa mrefu kuliko wengi aliona uwanja mzima juu ya vichwa vya walinzi. Alimaliza na pointi 31 na ribaundi 18, Kansas 83-79. Sekunde za mwisho Oklahoma walilazimika kumfanyia faulo, akaenda mstarini na kuingiza.

Zoni 2-3

Pivoti, hesabu za kipindi cha pili basi: Oklahoma 29, Kansas 33. Timu iliyozoea kukimbia ikabaki na 29 ndani ya dakika 20.