Mashekhe wa Nairobi, tuambieni maana! Tumechoka kufungwa midomo kwa Kiarabu

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jambo hili limenikaa kooni tangu Jumapili, nikilimeza halimezeki.

Mdogo wangu, tumefuatana ziwa moja, aliachwa talaka moja katikati ya Rajabu. Akarudi nyumbani kwetu Majengo, Pumwani, na begi moja na mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Alichukua kalamu nyekundu akaanza kutia alama kwenye kalenda ya duka la dawa iliyoning'inia jikoni: siku aliyoingia hedhini, siku aliyotoharika. Alijua ana eda, ule muda wa kungoja kabla mke aliyeachwa hajawa huru kuolewa, na alitaka aihesabu sawasawa asije akamkosea Mungu. Hedhi ya kwanza ilikuja mwisho wa Rajabu, ya pili Shaabani, ya tatu ikamkuta kumi la mwisho la Ramadhani. Nyumba nzima tulijua, maana siku hiyo aliacha kufunga, akawa anakunywa chai yake adhuhuri nyuma ya mlango wa jikoni watoto wasimwone.

Siku ya pili yake, tumetoka tarawehe, saa tano usiku, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa shemeji. Hata salamu hakuna. "Nimekurejea. Kesho nakuja kukuchukua."

Balaa likaanzia hapo. Shemeji alikuwa ameshamuuliza ustadhi wake wa South C, akaambiwa rejea, yaani mume kumrudia mkewe kabla eda haijakwisha, imesihi, quruu ya tatu haijakwisha, huyo bado ni mkeo. Sisi tukamuuliza ustadhi wa mtaani, akasema hapana, quruu zimetimia, eda imekwisha, akimtaka alete posa upya na mahari mapya, na bibi mwenyewe aridhie. Wote wawili wanasoma aya ile ile, ya 228 ya Suratul Baqara, inayosema walioachwa wangoje quruu tatu. Kwa mmoja ni mke wa mtu, kwa mwingine ni mwanamke huru. Na mwenyewe amekaa kitandani na simu mkononi, hajui kesho asubuhi akisikia hodi afungue au asifungue.

Baada ya Idi tukaitana kikao. Saa tatu nzima. Quruu, quruu, quruu, na kila neno likifuatwa na Kiarabu kirefu ambacho hakuna aliyetufasiria. Mama yangu, mtu mzima wa miaka sabini na ushee, akainua mkono kama mtoto wa chuoni akauliza, "Ustadhi, hiyo quruu ni kitu gani?" Akajibiwa, "Mama, hayo ni mambo ya ilimu, nyinyi fuateni tu."

Wallahi nilitetemeka. Mama yangu ametulea saba kwa kuuza mahamri asubuhi na mapema, hajawahi kukosa swala, anaambiwa afuate tu jambo la mwanawe mwenyewe!

Jumatatu nilifunga meza yangu ya madira pale Eastleigh saa sita mchana nikaenda kwa bibi mmoja aliyenisomesha Juzuu Amma nikiwa mdogo. Alinieleza kwa dakika kumi tu, tukiwa tumekaa mkekani. Quruu ni wingi, na neno lenyewe kwa Waarabu lina maana mbili zinazopishana kabisa: hedhi, na ile tohara, yaani siku safi zilizo baina ya hedhi mbili. Yote mawili ni Kiarabu sahihi. Masahaba wenyewe walikhitalifiana. Bibi Aisha na Zaid bin Thabit walisema ni tohara, na huko ndiko alikoelekea Imamu Shafii, na Imamu Malik kadhalika. Sayyidna Umar, Sayyidna Ali na Ibn Mas'ud walisema ni hedhi, na ndiyo kauli ya Imamu Abu Hanifa.

Sasa rudini kwenye kalenda yetu ya jikoni. Aliachwa akiwa tohara. Kwa Shafii, ile tohara aliyoachwa nayo inahesabiwa moja, hata kama ilibaki siku chache. Baada ya hedhi ya kwanza ana tohara ya pili, baada ya hedhi ya pili ana tohara ya tatu, na akiingia hedhi ya tatu, eda imekwisha. Kwa Hanafi, zinahesabiwa hedhi zenyewe, kwa hivyo eda haiishi mpaka hedhi ya tatu imalizike. Ujumbe wa shemeji uliingia siku ya pili ya hedhi ya tatu! Yaani uliangukia papo hapo kwenye ule mwanya wa siku chache ambao maimamu wanatofautiana.

Kumbe hakuna ustadhi aliyesema uongo. Na hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kama wangekuwa wamedanganya. Walikuwa na jibu, na ni jibu linaloeleweka hata na mtoto wa darasa la nne. Ilikuwa tu mmoja wao aseme: jamani, neno hili lina maana mbili, mimi nafuata hii, mwenzangu anafuata ile, mimi ninayoitoa ni fatwa, yaani rai ya mwanachuoni, haimfungi mtu. Nendeni kwa kadhi, maana hukumu ya hakimu huondoa khitilafu. Kanuni hiyo wanaijua, wamefundishwa. Mahakama za Kadhi zimo ndani ya Katiba ya 2010, kifungu cha 170, kwa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo. Kikao kingekwisha kabla chai haijapoa.

Badala yake yakatupwa maneno mengine. Mjomba wa shemeji akasema mdogo wangu ni "nashiza" kwa kukataa kurudi. Chumba kizima kikanyamaza, neno limeshafanya kazi yake. Mtaani kwetu nashiza, yaani mke aliyemwasi mumewe, ni tusi la mwanamke, basi. Hakuna aliyetaja kwamba asili yake ni kuinuka, kama ardhi iliyoinuka, na kwamba Suratun Nisaa inataja nushuzi, yaani kitendo chenyewe, ya mke aya ya 34 na nushuzi ya mume aya ya 128. Ya mume! Sijawahi kusikia mwanamume yeyote Nairobi hii akiambiwa amefanya nushuzi.

Mwingine akasema, "Basi afanye khului yaishe." Mdogo wangu akaanza kutikisa kichwa kukubali, na shangazi naye akaitikia. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Khului ni mke kujikomboa kwa kutoa kitu, mara nyingi ni yale mahari aliyopewa. Mahari yake yalikuwa shilingi 60,000 na yalikwenda kwenye bili ya hospitali ya mtoto. Alikuwa anakubali deni bila kujua, tena la kununua uhuru ambao kwa madhehebu yetu sisi, ya Shafii, alikuwa ameshaupata!

Na shangazi yangu, Mungu amhifadhi, mpaka leo anaamini kuachwa kule kuna thawabu, kwa sababu alisikia ustadhi akisema ile ilikuwa "talaka ya sunna". Maskini, kwake sunna ni ile ya rakaa mbili kabla ya alfajiri. Hakuambiwa kwamba hapo maana yake ni talaka iliyotolewa kwa utaratibu uliofundishwa: mke yuko tohara na mume hajamwingilia katika tohara hiyo.

Halafu mwisho wa yote, kikao kimekwama, wakamgeukia mdogo wangu: "Kuwa na sabri, binti. Tawakali kwa Allah." Subira nayo wameigeuza kitambaa cha kumziba mtu mdomo. Sabri asili yake ni kujizuia, na wanachuoni wameigawa mafungu matatu: kudumu katika twaa, yaani utiifu kwa Mungu, kujizuia na maasi, na kustahimili msiba. Kumuuliza kadhi swali lako si kuvunja hata fungu moja. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali, yaani amtegemee Mungu.

Najua watakuja watu hapa chini kusema nadharau lugha ya Qur'ani. Siidharau. Ni kwa kuwa naiheshimu ndiyo nataka niijue inasema nini. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake la Al-Islah kule Mombasa mwaka 1932, Kiswahili kando ya Kiarabu, akazungumza na watu wa kawaida. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969, tena hapa hapa Nairobi. Hao walikuwa mabahari wa ilimu, na hawakuona haya kumfasiria mama muuza mahamri.

Tumeshapeleka shauri kwa kadhi, tunangoja tarehe. Kalenda ya jikoni tumeibandua ukutani, mdogo wangu ameikunja akaitia kwenye bahasha pamoja na cheti cha ndoa.

Na wewe ustadhi uliyemjibu mama yangu, najua unasoma humu. Nijibu hapa hapa, kwa Kiswahili: siku ile ulikuwa unajua kwamba neno lina maana mbili ukanyamaza, au hukuwa unajua?