Saluki wangu hataki kutumia pua, hatua 20 tu anainua kichwa. Msaada wenu wadau

Mzawa_Darajani
Assalaam alaykum wadau. Nipo Maskati, nina saluki (wale mbwa wembamba wenye mbio, wa kuwinda kwa macho) jike wa miezi 14. Nataka afuate nyayo za mtu, ile hatua ya mwanzo kabisa, si mambo ya kipolisi. Wiki ya tatu sasa. Natembea hatua 60 mstari mmoja, kila unyayo naweka kipande cha kuku, nasubiri dakika 10, namleta. Mwanzoni anainamisha pua vizuri. Zikifika hatua 15 au 20, kichwa juu, mbio mpaka mwisho, nyama zote za katikati kazipita. Nakosea wapi? Au saluki hawafai?

Mgosi_wa_Ngamiani
Mkuu hiyo ni sawa na kumpa twiga jembe. Tafuta mbwa mwenye masikio ya kuburuza chini.

FundiNyayo
Mgosi, pua anayo. Ila jicho lake linawahi, na jicho likishapata jibu pua inalala. Mleta uzi, sema: saa ngapi mnafanya? Upepo unatoka wapi? Na mwisho wa njia unaweka nini?

Mzawa_Darajani
Saa 11 jioni nikitoka kazini. Upepo sijaangalia. Mwisho naweka bakuli la nyama.

FundiNyayo
Bakuli la rangi gani?

Mzawa_Darajani
Si bakuli hasa, ni ndoo. Ndoo nyeupe ya rangi ya ukuta, nimeipindua, nyama juu yake. Lakini ndoo ni lazima jamani, bila ndoo mimi mwenyewe sijui njia imeishia wapi.

Mgosi_wa_Ngamiani
😂😂 Kumbe mbwa ndiye mwenye akili. Nyama anaiona juu ya ndoo, ainame chini atafute nini?

FundiNyayo
Ndoo itoe leo. Mwisho uweke alama ya macho yako tu: kijiti cha urefu wa kidole, au ulinganishe na mti ulio mbali. Nyama ya mwisho iwe kwenye kifuniko bapa, kimezama kwenye majani.

Halafu rudi nyuma kabisa, hatua 60 ni nyingi mno kwake. Kanyagakanyaga eneo la mita 1 kwa mita 1, tupia vipande 15 hadi 20 ndani yake, subiri dakika 5, mwache apekue peke yake. Usimwonyeshe kwa kidole. Saluki atafuata mkono wako na umeshamrudisha kwenye macho. Fanya hivyo siku tatu nne. Akishapekua bila kuinua kichwa, toa njia ya hatua 10 kutoka kwenye hicho kiwanja, hatua fupi, kisigino kikigusana na ncha ya kidole, kipande ndani ya alama ya kisigino. Ukitaka kurudi, zunguka mbali, usikanyage njia yako mwenyewe.

Kuku mwache, ni mweupe, anaonekana hatua tatu mbele. Chukua ini, lichemshe likauke, likate saizi ya punje ya mahindi. Gramu 150 zinatosha zoezi zima, na hizo zihesabu kwenye chakula chake cha asubuhi. Saluki ni mwembamba, usimshindishe njaa.

Upepo uwe mgongoni mwenu mnapoanza. Ukitoka mbele, harufu ya nyama ya mwisho inamjia puani hewani, ataacha ardhi tena. Na saa 11 jioni hapana. Ardhi bado ina moto, na ardhi kavu ya moto haishiki harufu. Juu ya hapo mbwa anahema kwa mdomo, na anayehema hivyo hanusi sawasawa. Weka mgongo wa kiganja chini uhesabu mpaka 7. Ukishindwa, na nyayo zake zinaungua. Fanya baada ya sala ya alfajiri, mwanga ukiwa nusunusu. Kile kiza chenyewe kitakusaidia, macho hayana cha kushika.

KambaNdefu
Hujasema umemfunga wapi. Kama ni kola ya shingoni, acha. Saluki anafika mwendo kamili kwa mirukaruko michache, akifika mwisho wa kamba ya mita 10 shingo ndiyo inayobeba. Mkanda wa kifuani wenye umbo la Y, kamba anza na mita 2, ukiona ametulia nenda 5. Vaa glovu. Mimi lakini ningeacha nyama nikaburuza ngozi ya sungura, hiyo saluki hawezi kuikataa.

FundiNyayo
Ataifuata, ila utakuwa umemfundisha sungura. Ameuliza nyayo za mtu.

BiMwanakombo
Mwanangu, mbwa ndani ya nyumba? Akilamba chombo unaosha mara saba, moja kwa udongo. Unaosha au unatusomea ini tu hapa?

Mzawa_Darajani
Shikamoo bibi. Simlazi ndani, ana banda lake uani. Na mbwa wa kuwinda aliyefunzwa kaguswa kwenye Surat al-Maida, aya ya 4.

BiMwanakombo
Marahaba. Aya naijua. Huyo wako ameshafunzwa?

MzeeWaKahawa
Nimesoma toka juu. Hii chai. Maskati, ardhi inaunguza, halafu mnaongea majani ya kufichia kifuniko na yeye hashtuki. Majani yapi? Kokoto za Maskati zimeota nyasi lini?

Mgosi_wa_Ngamiani
Nilikuwa nangoja mtu aseme. Tena wa Darajani mwenye saluki! Leta picha.

Mzawa_Darajani
Si Maskati mjini. Ni shamba la ami yangu Barka, kuna mitende na majani ya mifugo yanayomwagiliwa kwa kisima. Nilisema nipo Maskati, sikusema namfundishia Maskati.

FundiNyayo
Ungesema mapema! Majani ya kumwagilia ndiyo pazuri kuliko pote: ukikanyaga yanapondeka, unyevu unashika harufu. Yawe yamekatwa, yafike kifundo cha mguu. Maji yakipita juu ya njia uliyoikanyaga, hesabu imeharibika, anza kipande kingine. Mara tatu kwa wiki, njia mbili kila mara. Mbona una haraka lakini? Wiki tatu si kitu.

Mzawa_Darajani
Nataka nijue mpaka mwisho wa mwezi.

KambaNdefu
Mwisho wa mwezi kuna nini?

Mzawa_Darajani
Kuna mtu nimeshampa arbuni ya Malinois, wale mbwa wanaotumiwa sana na polisi. Tumekubaliana achukue saluki, nimwongezee kidogo. Msinihukumu, nilijaribu kwa nia safi. Na Malinois kila mtu anajua anafuata nyayo.

FundiNyayo
Malinois naye angekimbilia ndoo. Angefika amechelewa tu.

BiMwanakombo
Kwa hiyo ulikuja kuomba ushauri au ruhusa?

MzeeWaKahawa
Picha ya shamba. Bila picha uzi ufungwe.

Mzawa_Darajani (siku 9 baadaye)
Mrejesho. Ndoo nimeirudisha stoo. Kiwanja siku nne, halafu hatua 10, jana 25, ini kila kisigino. Jana kapitia vipande vyote, kakosa viwili. Kichwa kakiinua mara moja tu, alipopita njiwa. Nilisimama, sikuvuta kamba wala kusema kitu, akarudi mwenyewe. Arbuni bado ipo kwa yule bwana, sijampigia. Nauliza: kona naanza lini?

FundiNyayo
Akimaliza hatua 40 mara tatu bila kuinua kichwa. Na isiwe kona kali, pinda taratibu kama mundu. Ini kila unyayo kwenye mpindo na hatua 5 baada yake. Mkianza na upepo mgongoni, baada ya kupinda utawapiga ubavuni. Akitembea pembeni ya njia kidogo si kosa, mwache.

Mzawa_Darajani
Ahsante sana. Picha ya asubuhi hiyo hapo chini, wanaodai chai watazame.

MzeeWaKahawa
Sheikh, hii picha ni nyeusi tupu.

Mzawa_Darajani
Si mmesema nifanye kukiwa na kiza?