Mrejesho: wasifu wa koko (bibi yetu) wa kusoma kanisani

Asanteni kwa majibu. Niliuliza wasifu wa koko, mama wa shirika (jumuiya ndogo ya Kikristo) na wa kwaya, uandikwe namna gani ili usomwe kwenye misa ya mazishi hapa Bukavu. Mambo yalikwenda hivi.

Mahali pake kwanza. Maagizo ya Misale ya Kirumi, namba 382, hayataki mahubiri yageuke kuwa sifa za marehemu. Kwa hiyo neno la familia lilisomwa baada ya sala ya komunyo, kabla ya sala za kumuaga marehemu. Padri aambiwe mapema. Maneno 400 yalitosha, kama dakika 4. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa 5, nusu yake majina ya wajukuu!

Tarehe msizitafute matangani, kila mjomba ana yake. Kitabu cha ubatizo parokiani huandikwa pembeni kipaimara na ndoa, basi ombeni dondoo. Kitambulisho kilisema 1941, ubatizo "karibu 1938". Tuliandika "1938 hivi", wazee wakatulia.

Vyeo havikugusa mtu. Kilichogusa ni kikwembe (kitenge) chake cha Mama Katoliki, chama cha wanawake Wakatoliki: alikikunja kila Jumamosi jioni, rozari juu yake, noti ya sadaka imefungwa kwenye pindo.

Chapeni herufi za 16, upande mmoja, kurasa zenye namba, bila kuzibana kwa pini. Zikibanwa, kufunua kunasikika kwenye mikro. Msomaji wa pili akae karibu na kopi yake. Wetu wa kwanza alizidiwa na machozi aya ya tatu.