Tupeane uzoefu: wiki ya mvua alfajiri na jua la utosi mchana

Mkaazi wa Kiembeni
Hamjambo nyote. Kusi imelegea, kaskazi bado haijashika, tuko kwenye tanga mbili, kipindi cha kati ya pepo hizo mbili. Alfajiri mvua ya kumwaga, saa nne jua la utosi, jioni mawingu yamejaa tena na hujui yatashuka au yatapita. Mvua za mwaka, zile za Aprili na Mei, ni nyingi kuliko hizi za vuli, lakini zile mtu huzijua na hujipanga mapema. Vuli hukupa jua siku mbili, ukaanika kila kitu, ndipo inaposhuka. Kinachoharibu nyumba zetu wiki kama hii ni kule kulowa na kukauka kwa zamu.

Niweke jambo moja mbele, maana kila kazi yategemea hilo. Huku pwani ya Mombasa mvua hupenda usiku wa manane mpaka saa mbili au tatu asubuhi, si alasiri kama bara. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, upepo wa bara hutoka kuelekea baharini, na huko hukutana na upepo wa msimu uliobeba unyevu. Mawingu hujaa mbele ya ufuo, kisha husukumwa juu yetu. Basi kazi za nje zipangeni kati ya saa nne na saa kumi, na kila jioni mtazame utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Mafundi na wajuzi, karibuni. Leteni vipimo.

Fundi Bati, Mtopanga
Nyumba nyingi za mabati zinazovuja, bati lenyewe ni zima. Panapovuja ni kwenye msumari. Bati la chuma la mita 3 likitoka kwenye ubaridi wa mvua likaingia joto la mchana, tofauti ya nyuzi 40 hivi, hurefuka karibu milimita moja na nusu. Mvua ikirudi, hujikunja tena. Likifanya hivyo kila siku, tundu la msumari hupanuka, mpira wa chini ya kofia hupasuka kwa jua, na msumari huinuka taratibu kutoka kwenye mbao. Ukipanda juu utaona kofia zimesimama.

Kuugonga msumari huo urudi chini hakusaidii, kwa kuwa tundu la mbao limeshalegea. Ung'oe, weka skrubu ya bati yenye mpira, nene kuliko msumari uliotoka. Mbao ikiwa imeoza hapo, sogea sentimita 3 kwenye mbao nzima, na tundu la zamani uzibe kwa silikoni. Silikoni haishiki penye unyevu wala chumvi. Ngoja mpaka saa tano bati likauke, sugua kwa brashi ya waya, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, subiri bati likauke, ndipo upake. Ngozi ya juu hushika kwa nusu saa hivi, lakini kukomaa kwa ndani kwataka siku nzima, basi usipake jioni ya mawingu.

Msumari au skrubu hukaa juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde ambako maji hupita. Mabati yapandane migongo miwili kwa ubavu, na kwa urefu sentimita 15 paa likiwa kali, 20 na zaidi likiwa limelala. Halafu hili hapa mafundi wengi hulisahau: kusi hutoka kusini-mashariki, kaskazi kaskazini-mashariki. Zote mbili hutupiga kutoka upande wa bahari. Kwa hiyo anza kuezeka kutoka magharibi ukija mashariki, ili mdomo wa kila pandio uangalie magharibi na upepo usiingize maji chini yake.

Wanunuzi nao wajue kwamba geji ndogo ndiyo bati nene. Geji 28 ni nene kuliko 30, na kwa nyumba iliyo karibu na ufuo tofauti hiyo huonekana upesi kwa sababu ya chumvi. Na ukipanda, kanyaga kwenye mstari wa misumari, ambapo chini yake pana mbao. Bati lililolowa usilipande kabisa.

Dada wa Magongo
Shukran, Fundi. Na sisi wa slabu, paa bapa la zege? Maji hayavuji wakati wa mvua, huja siku ya pili jua likiwaka.

Mwashi, Likoni
Dada, hiyo ni dalili kwamba maji yanatuama juu na kupita polepole kwenye ufa mwembamba. Panda baada ya mvua, subiri saa moja, chora kwa chaki kila kidimbwi kilichobaki. Ufa wako uko ndani ya mojawapo ya duara hizo, na mara nyingi haupo juu kabisa ya doa la dari, kwa maana maji hutembea ndani ya slabu.

Ufa huo uchimbe kwa patasi uwe na umbo la V, upana na kina sentimita moja hivi. Safisha vumbi, lowesha, kisha jaza kwa saruji moja na mchanga laini tatu, pamoja na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo cha pakiti. Ugumu wa wiki hii ni wakati. Mvua ikikuta kazi mbichi huosha saruji, na jua likiikuta huipasua. Anza saa nane jua likiteremka, maliza kabla ya saa kumi na moja, funika kwa nailoni na uibane kwa mawe pande zote, mvua ya alfajiri isikufikie. Kesho yake toa nailoni, tandika magunia, yaweke yakiwa yamelowa siku 7. Mvua ikinyesha ni nafuu kwako, umepunguziwa kubeba ndoo.

Vidimbwi vikiwa vingi, kuziba nyufa peke yake ni kupoteza pesa. Mwaga plasta ya juu yenye mteremko wa sentimita moja na nusu kwa kila mita, kuelekea kwenye bomba la kutolea maji. Makuti sina mengi: mwinamo usipungue nyuzi 45, yakilala chini ya hapo yataoza kutoka ndani.

Mama Tangi, Mikindani
Jamani, mvua hiyo ni maji ya bure, na sisi tunaonunua maji kwa mkokoteni twajua thamani yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 7 ni mita 56 za mraba. Ikinyesha milimita 15, ni lita 840. Toa sehemu moja ya tano kwa yanayoruka na yanayomwagika, zabaki karibu lita 670, yaani mitungi 33 ya lita 20.

Maji ya kwanza msiyaingize tangini. Yana kinyesi cha ndege, vumbi na chumvi. Tega bomba la inchi 4 lililosimama wima kabla ya tangi, limezibwa chini; hubeba lita 8 kwa kila mita, likijaa ndipo maji safi hupita juu kwenda tangini. Kwa paa hilo la mita 56, bomba la mita 3 ni kiasi cha chini kabisa. Ukiweza, tumia pipa la lita 50. Kwenye kifuniko cha chini toboa tundu la milimita 3 ili lijimwage lenyewe taratibu. Bila tundu hilo, mvua ya pili itakuta bomba limejaa uchafu wa mvua ya kwanza. Na wiki ya jua na mvua paa huchafuka upya kila likikauka siku mbili tatu.

Ndugu zetu wa Kisauni wenye visima nawaombeni mnisikilize. Ardhi yenu ni ya matumbawe, ina matundu, maji huzama upesi. Raha kwa uwanja, hatari kwa kisima, kwa sababu maji ya vyoo hushuka kwa njia hiyo hiyo bila kuchujwa. Maji ya kisima baada ya mvua huweza kuonekana meupe na yakawa na kipindupindu ndani. Chemsheni mpaka yatokote sawasawa, au tieni dawa kwa kipimo cha chupa. Sisi wa Mikindani na Changamwe udongo wetu ni wa mfinyanzi, shida yetu ni kinyume: maji yakae juu na shimo la choo lijae.

Nahodha mstaafu, Tudor
Kuhusu mafuriko ya mitaro, tazameni mwezi kabla ya mawingu. Mitaro ya huku humwaga kwenye hori, yaani mkono wa bahari, na bahari ikijaa bamvua, kujaa kule kukubwa, maji hayatoki. Bamvua huangukia mwezi mwandamo na mwezi kumi na tano, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Saa kumi alfajiri ndiyo saa ya mvua za vuli pia. Mvua ile ile ikinyesha tarehe 8 ya mwezi wa Kiislamu, wakati wa maji mafu, bahari ikijaa kidogo tu, mtaro hubeba bila shida. Ikinyesha tarehe 16 mtaa waogelea.

Kwa hiyo zoeni mitaro kabla ya tarehe 14 na kabla ya mwezi kuandama. Na tope likitolewa lisiachwe ukingoni. Mvua moja tu yatosha kulirudisha lote ndani. Lipakieni siku hiyo hiyo. Mwenye friji au magodoro sakafuni ayainue jioni ya kuamkia siku hizo.

Muuguzi, Bamburi
Naongeza la mbu, kwa maana wiki ya aina hii wamewekewa wao. Mbu wa madoa meupe, anayeeneza dengi na chikungunya, hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hukauka na kukaa miezi mizima yakiwa hai. Mvua ikipandisha maji yakayagusa, huanguliwa, na kwa joto letu baada ya siku 7 hadi 10 mbu anaruka. Mombasa imepata mlipuko wa dengi 2013 na 2014, na wa chikungunya kuanzia mwisho wa 2017.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi, mayai yamebaki ukutani. Mwaga, kisha sugua kwa brashi na sabuni, siku moja maalumu kila wiki, Ijumaa kwa mfano. Usisahau vifuu vya nazi uani, sahani za maua, trei ya nyuma ya friji, matairi, na gata iliyolala isiyotoa maji. Mbu huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya magharibi, basi mtoto anayelala mchana awekwe chini ya chandarua.

Homa ikimshika mtu siku hizi, mpeni paracetamol tu. Aspirini na ibuprofen ziacheni mpaka apimwe, kwani dengi huweza kutoa damu na dawa hizo huzidisha. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma au damu kwenye fizi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Shangazi wa Kibokoni
Kabati lisigusane na ukuta wa nje, liacheni nafasi ya sentimita 5. Madirisha fungueni kuanzia saa nne, hewa ya alfajiri ina maji mengi. Buibui lenye ukungu lisuguliwe kwanza likiwa kavu, nje ya nyumba, kisha lilowekwe siki kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne kwa nusu saa, lifuliwe, lianikwe ndani nje na kivulini penye upepo. Jua hula weusi.

Mkaazi wa Kiembeni
Ahsante, Shangazi. Embe changa zimeanza kuingia sokoni. Achari huanikwaje kwa jua la kubahatisha?

Shangazi wa Kibokoni
Mwanangu, kilo moja ya vipande kwa chumvi gramu 100. Visuguliwe chumvi jioni, vilale kwenye bakuli lililofunikwa, asubuhi vikamuliwe. Ungoni vitoke saa nne, viingie ndani kabla ya saa kumi, hata kama jua bado linawaka. Siku mbili za jua zatosha: kingo zikauke, katikati kipinde bila kuvunjika. Siku ya pili ikiwa ya mawingu, maliza kwenye oveni ya moto mdogo, mlango umeachwa wazi kidogo. Vikidondokewa na mvua usivirudishe juani, vitaota ukungu chupani. Vipikwe siku hiyo hiyo kwa siki, pilipili na sukari, viliwe ndani ya wiki.