Kisukari na macho: tupeane uzoefu, hasa sisi tuliodhani tunaona vizuri

Mzee wa Makadara

Assalaam aleikum. Nina kisukari kwa mwaka wa 11 sasa, na mwezi uliopita daktari aliniambia kwamba mishipa midogo ya nyuma ya jicho langu la kushoto inavuja, ilhali alfajiri ya siku ile ile nilikuwa nimesoma juzuu nzima bila taabu yoyote. Nilidhani ni bahati yangu mbaya. Kumbe uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2021, ulikadiria kwamba takriban asilimia 22 ya wenye kisukari duniani wana maradhi haya ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), yaani watu wazima wapatao milioni 103 mwaka 2020, na kwa Afrika kiwango kilikaribia asilimia 36. Kwa hiyo kwenye benchi la kliniki, tukiketi kumi, huenda watatu au wanne tunayo, na wengi wetu hatuna habari. Ambao yamefikia kutishia uoni wao ni wachache zaidi, takriban asilimia 6 ya wenye kisukari duniani. Nanyi mligunduaje?

Dereva wa Likoni

Mimi niligundua nikiwa nimechelewa. Nilianza kuona vidoa na nyuzi nyeusi zikielea mbele ya jicho, nikalaumu vumbi la barabarani, kisha nikanunua miwani, kisha nikanunua nyingine, hadi nilipopimwa nikaambiwa damu imeingia ndani ya jicho. Nilitibiwa kwa leza na baadaye kwa sindano ya jicho, ambayo kwa kweli jina lake linatisha kuliko yenyewe, kwani jicho hutiwa ganzi kwanza. Nilichoelezwa ni kwamba matibabu hayo hulinda uoni uliobaki, lakini uliokwisha kupotea si rahisi kuurudisha. Tuktuk nimemwachia mwanangu.

Mama Kisauni

Nyongeza ndogo: siku ya kipimo msiende peke yenu. Matone ya kupanua mboni yaliniacha na ukungu kwa saa kadhaa, nikatoka kwenye jua la saa saba nisiweze hata kutambua noti niliyomkabidhi makanga.

Binti wa Changamwe

Shikamoo, mzee wangu. Dada yangu alikuwa na kisukari kabla ya kushika mimba, na sasa ana miezi miwili. Je, asubiri ajifungue ndipo apimwe macho?

Mzee wa Makadara

Marahaba, mwanangu. Asisubiri, kwani ujauzito unaweza kuyaharakisha maradhi haya kwa mwenye kisukari cha tangu awali, na ndiyo maana hushauriwa apimwe mapema, katika miezi mitatu ya kwanza, kisha afuatiliwe. Akienda, awaeleze wahudumu kwamba ni mjamzito kabla hawajamtia matone, na aulizie pia presha yake, maana presha ikipanda nayo huidhuru mishipa hiyo hiyo. Mimi narudi kupimwa baada ya miezi sita. Utakapopata majibu yake, tuandikie hapa.